Kiazi kilichojeruhiwa kipewe siku zake

Mchuuzi wa Darajani anapofungua polo la viazi vitamu siku ya tatu na kukuta vya katikati vimeoza, lawama humwendea mkulima. Mkulima naye humlaumu mchukuzi, na mchukuzi huilaumu barabara. Kila mmoja ana sehemu yake, lakini mara nyingi hasara hiyo huanzia shambani, pale jembe linapokwaruza kiazi na mzigo ukapakiwa siku ile ile.

Ni kosa kudhani kuwa zao likishavunwa limekufa. Kiazi kilichong'olewa bado ki hai na kinapumua. Kikichubuka, seli za juu ya jeraha hukauka, na zilizo chini yake huweka kwenye kuta zao kitu chenye asili ya nta kiitwacho suberini, ambacho kimo pia katika kizibo cha chupa. Kisha huota safu ya seli mpya, na jeraha hupata ganda jingine. Ganda hilo huzuia maji yasitoke na ukungu usiingie.

Kazi hiyo huenda vizuri katika joto la nyuzi 29 hadi 32, hewa yenye unyevu wa asilimia 85 hadi 95, na muda wa siku nne hadi saba. Wakulima wakubwa wa Marekani hujenga vyumba maalumu na kulipia nishati ili kupata hali hiyo. Mkulima wa Unguja hukaribia kuipata bure kwa miezi mingi ya mwaka. Anachokikosa ni zile siku.

Sababu zake zinaeleweka. Mahitaji ya nyumbani hayasubiri, na mwenye gari akishafika shambani hapendi kuambiwa arudi wiki ijayo. Lakini haraka hiyo ina gharama. Mchuuzi aliyeunguzwa na polo moja hujikinga kwa kushusha bei ya mapolo yote yanayofuata, hata ya yule aliyevuna kwa uangalifu.

Dawa yake haihitaji mkopo. Marando yakikatwa wiki moja hadi mbili kabla ya kuvuna, ganda la kiazi hukomaa kikiwa bado ardhini na halichubuki ovyo. Baada ya kuvuna, viazi vilivyokatwa sana viliwe nyumbani au viuzwe siku hiyo hiyo. Vilivyobaki vitandazwe kivulini, chini ya kibanda cha makuti, na kufunikwa kwa nyasi au magunia ili unyevu usipotee. Visianikwe juani, na visioshwe mpaka siku ya kuuzwa. Mwenye friji naye ajue kuwa baridi ya chini ya nyuzi 13 hukiharibu kiazi kitamu.

Muhogo hauna subira hiyo. Siku mbili au tatu baada ya kung'olewa, mishipa yake ya ndani huanza kuwa myeusi, hasa kuanzia penye jeraha. Kukata mashina wiki mbili hadi tatu kabla ya kuvuna, na kuacha visiki vifupi, hupunguza tatizo hilo.

Kwa matunda, kadiri yanavyoiva ndivyo uwezo wao wa kuziba jeraha unavyopungua. Papai bivu lililotobolewa halitapona, kwa hiyo kinachobaki ni kinga. Embe lichumwe na kikonyo, kisha kikatwe huku kichwa cha embe kikiangalia chini ili utomvu umwagike bila kuchoma ganda. Chungwa lisiangushwe kwa kutikisa mti, kwa kuwa ukungu wa kijani unaoozesha machungwa huingilia kwenye mikwaruzo ya ganda.

Mti wenyewe nao una jinsi yake ya kujitibu. Mtaalamu wa miti wa Marekani, Alex Shigo, alieleza katika miaka ya 1970 kuwa mti haurudishi sehemu iliyojeruhiwa kama ngozi ya mtu. Huizungushia ukuta, ukaendelea kukua pembeni yake. Zanzibar ina sababu ya pekee ya kulizingatia hilo. Katika miaka ya 1950, watafiti Nutman na Roberts walibaini hapa Visiwani kuwa ukungu unaokausha matawi ya mikarafuu huingia kupitia majeraha, yakiwemo ya matawi yaliyovunjika. Mchumaji anayevuta tawi mpaka likapasuka anavuna konzi moja ya leo na kuharibu mavuno ya miaka ijayo.

Wachuuzi wa Darajani na Mwanakwerekwe wanaweza kuanza kwa kutenganisha bei: viazi vilivyopumzishwa kivulini vilipwe zaidi ya vilivyopakiwa vikiwa na majeraha mabichi. Bila tofauti hiyo, mkulima hana sababu ya kungoja. Mabwana na mabibi shamba nao wafundishe uvunaji kwa uzito ule ule wanaoupa upandaji, na utafiti wa Kizimbani uwafikie wakulima kabla ya msimu, si baada yake.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kiazi kinajua kuziba ufa wake chenyewe. Kwa mwenye nacho kinahitaji kivuli na wiki moja tu.