Dai la Bima Ndiyo Kesi Yenyewe

Mawakili wengi wa majeruhi wa ajali za barabarani katika jimbo la New York wana imani wanayorithishana ofisini: kwamba dai la bima isiyoangalia kosa ni kazi ya karani. Karani ajaze fomu na kuzituma. Wakili ajiwekee nguvu zake kwa kesi ya kumdai dereva aliyesababisha ajali, kwa kuwa huko ndiko kwenye fedha. Imani hii ni potofu, na anayeilipia si wakili. Ni mtu aliyeumia mgongo, asiyeweza kurudi kazini, na kodi ya nyumba inamsubiri.

Chanzo cha imani hiyo kinajulikana. Katika kesi ya majeraha, wakili kwa kawaida huchukua theluthi ya fidia. Katika dai la bima hii, ujira wake hutoka kwa kampuni ya bima, pale tu kampuni inapokataa kulipa na kushindwa: asilimia 20 ya kilichodaiwa, na kwa madai ya kawaida hauzidi dola 1,360. Mtu akipima kazi kwa ujira huo, ataiona mzigo tu.

Tuitazame sheria yenyewe. Tangu Februari 1974, mtu akiumizwa na gari New York, awe dereva, abiria au mtembea kwa miguu, bima ya gari humlipia matibabu na sehemu ya mshahara bila kuuliza nani alikosea. (Waendesha pikipiki wameachwa nje, na wengi wao hulijua hilo wakiwa tayari hospitalini.) Kiwango cha msingi ni dola 50,000 kwa mtu mmoja. Mshahara uliopotea hulipwa asilimia 80, usizidi dola 2,000 kwa mwezi, kwa miaka isiyozidi 3. Kwetu sisi tuliozoea bima ya mtu wa tatu ya Kenya na Tanzania, ambako majeruhi hulazimika kwanza kuthibitisha uzembe wa dereva, mpango huu ni neema.

Lakini neema hiyo ilikuja na sharti. Kifungu cha 5104 cha Sheria ya Bima ya jimbo hilo kinamzuia majeruhi kumdai dereva mwenye bima ile hasara ya msingi ambayo mpango huu unatakiwa kuilipa. Hapo ndipo imani ya mawakili inapovunjika. Dai likipotea kwa uzembe wa ofisi, hakuna mahakama itakayomrudishia mteja mshahara ule kutoka mfukoni mwa dereva. Umekwenda.

Na kupotea ni rahisi. Taarifa ya maandishi lazima iifikie kampuni ndani ya siku 30 tangu ajali. Bili ya daktari ina siku 45 tangu siku ya huduma, na uthibitisho wa mshahara siku 90. Aliyechelewa anaruhusiwa kueleza sababu ya msingi ya kuchelewa, lakini maelezo hayo ni hoja ya kisheria inayotaka wakili wa kuijenga. Ukimwachia karani, ataandika sentensi mbili, na dai litakataliwa kwa sentensi mbili.

Hata hivyo, madhara makubwa zaidi yako kwenye ile kesi kubwa ambayo wakili anadhani anaitunza. Ili majeruhi adai fidia ya maumivu na mateso, sheria inamtaka athibitishe jeraha kubwa. Mfupa uliovunjika unatosha wenyewe. Mgongo na shingo ni vita. Miezi michache baada ya ajali, kampuni ya bima humwita majeruhi achunguzwe na daktari iliyemchagua na kumlipa yenyewe. Daktari huandika kwamba mgonjwa amepona, kisha inakuja barua: kuanzia tarehe fulani malipo yamekoma. Mgonjwa asiye na bima nyingine ya afya anaacha matibabu, kwa sababu hana pesa. Miaka miwili baadaye, wakili wa upande wa pili anasimama mbele ya jaji na kusema: huyu aliacha matibabu mwenyewe, angekuwa anaumwa angeendelea.

Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ya New York ilisema kwamba majeruhi aliyekatiza matibabu lazima atoe maelezo ya kuridhisha. Mwaka 2013 mahakama hiyo hiyo ikakubali maelezo ya majeruhi aliyesema chini ya kiapo kwamba malipo yake yalikatwa na hakuwa na bima ya afya. Kesi hiyo ilinusurika kwa kilichotokea kwenye faili la bima. Wakili asiyeisoma barua ya kukatwa malipo siku ilipofika, asiyeipinga kwa msuluhishi, asiyemtafutia mteja daktari atakayekubali kusubiri malipo, anaanza kuipoteza kesi yake kubwa kabla hata hajaifungua.

Sheria inatambua pia jeraha lisilo la kudumu, ikiwa lilimzuia mtu kufanya karibu shughuli zake zote za kawaida kwa siku zisizopungua 90 kati ya 180 za mwanzo. Kinachohitajika zaidi hapo ni barua za daktari za kumzuia mgonjwa kufanya kazi, zilizoandikwa wakati ule ule, na hizo ndizo dai la mshahara linazozidai kila mwezi. Pasipo dai, barua nyingi haziandikwi kabisa.

Wapo watakaosema eneo hili limejaa matapeli, na wakili mwenye heshima hukaa mbali. Utapeli upo. Mwaka 2012 waendesha mashitaka wa serikali kuu ya Marekani mjini New York waliwashitaki watu 36, wakiwemo madaktari 10, kwa madai ya kughushi yenye thamani ya zaidi ya dola milioni 279. Ndiyo sababu kampuni humhoji majeruhi chini ya kiapo kwa saa nyingi, na kila neno lake laweza kumrudia katika kesi ya majeraha. Majeruhi mwaminifu aliyekuja juzi kutoka Bukavu au Mombasa, Kiingereza chake cha kuungaunga, anatumwa huko na barua tu mkononi. Mtu wa namna hiyo anahitaji wakili kando yake kuliko mtu yeyote.

Ndugu msomaji, kama wewe au jamaa yako ameumia huko New York, muulize wakili wako ni tarehe gani alituma taarifa kwa kampuni ya bima, na umwombe nakala. Muulize nani atakayesoma barua za kukataa malipo zikifika. Akikujibu kwamba hayo ni mambo ya karani, chukua faili lako utafute mwingine kabla ya siku 30 kuisha.