Majaribio ya Dawa Si Kupoteza Wakati

Wako wananchi wanaouliza kwa nini kila dawa mpya ya virusi vya Ukimwi ipitishwe katika majaribio marefu wakati wagonjwa wanangoja. Swali hilo ni la haki. Jibu lake limo katika historia ya dawa zenyewe.

AZT, dawa ya kwanza ya Ukimwi kuruhusiwa, ilianza kujaribiwa kwa wagonjwa Julai 1985 huko Bethesda, Marekani. Wagonjwa walikuwa 19 tu. Waligawanywa katika vikundi vinne vyenye vipimo tofauti, wakaangaliwa kwa wiki sita. Shabaha ya hatua hiyo haikuwa kuponya. Madaktari walitaka kujua kama mwili unaivumilia dawa, na kwa kiasi gani.

Mwaka 1986 likafuata jaribio la wagonjwa 282. Kati ya waliopewa dawa bandia walikufa 19. Kati ya waliopewa AZT alikufa mmoja. Jaribio likasimamishwa ili wote wapewe dawa, na Machi 1987 ikaruhusiwa kutumika. Hapa wapenda haraka hupata hoja. Lakini wasisahau kwamba kipimo cha miligramu 1,500 kwa siku kiliwapunguzia wengi damu, hata baadhi wakaongezewa. Mwaka 1990 Marekani ilishusha kipimo hadi miligramu 600.

Upo mfano mchungu zaidi. Mwaka 1993, huko huko Bethesda, watu 15 walikuwa wakijaribiwa fialuridine, dawa ya virusi vya homa ya ini ya aina ya B. Majaribio mafupi yaliyotangulia hayakuwa yameidhihirisha hatari yake. Baada ya wiki kadhaa ini likawaharibikia watu saba. Watano walikufa, na wawili wakaokolewa kwa kubadilishiwa ini. Sumu ilikuwa imejificha, ikajitokeza polepole.

Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Hata hivyo, subira hii ina gharama, na wanaoilipa kwanza ni wale wanaojitolea. Kwa hiyo ni wajibu wa watafiti kumweleza kila anayejitolea, kwa lugha anayoielewa, hatari zinazojulikana na zile ambazo bado hazijajulikana. Awe huru kujitoa wakati wowote. Aendelee kuangaliwa hata baada ya kuacha dawa, na akidhurika atibiwe bila kudaiwa senti. Vyombo vinavyohusika visimwonee haya mtafiti anayekiuka hayo, awe wa hapa au wa kutoka nje.

Nasi wananchi tuna wajibu wetu. Akija mtu na chupa akidai amepata dawa ya Ukimwi, tumuulize: Waliitumia akina nani kwanza? Kwa kipimo gani? Nani aliyaandika madhara yake? Asiye na majibu hana dawa ya kutuuzia.