Boriti Hutoa Onyo, Tuwafundishe Watoto Kulisoma



Natoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wetu tunadhani ni la wahandisi peke yao. Jambo lenyewe ni tabia ya boriti: namna inavyonepa, inavyotetema na inavyoweza kuvunjika. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini. Naona somo hili lifundishwe kwa vitendo katika shule za msingi. Sababu ni kwamba madarasa, maghala na vivuko vya miguu vijijini hujengwa mara nyingi kwa nguvu za wananchi wenyewe, na wanaoketi chini ya boriti hizo ni watoto wao.

Wapo wanaoamini kwamba unene wa mti ndio usalama, basi. Hiyo ni nusu ya kweli. Mbao ya inchi 2 kwa 6 ikilazwa bapa hunepa mara 9 zaidi kuliko mbao hiyo hiyo ikisimamishwa kwa ubavu, mzigo ukiwa ule ule. Mbao ni moja na bei ni moja. Kilichobadilika ni namna ya kuiweka. Nguzo nazo zina sheria yake. Mwaka 1744 mwanahisabati Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi, alieleza jinsi nguzo nyembamba inavyokunjika. Ukiirefusha mara 2, mzigo unaotosha kuikunja hupungua na kuwa robo tu. Nguzo kama hiyo hukunjika hata kama mti wake ni mzima kabisa, kwa kuwa ni ndefu mno kwa unene wake.

Ndugu wasomaji, hata wataalamu wakubwa waliodharau mambo haya walilipa kwa maisha ya watu. Katika mji wa Quebec, nchini Canada, lilikuwa likijengwa daraja kubwa la chuma juu ya mto St. Lawrence. Nafasi kati ya nguzo zake kuu iliongezwa kutoka futi 1,600 hadi futi 1,800, lakini hesabu ya uzito haikurudiwa ipasavyo. Mwezi Agosti 1907 wakaguzi waliona kwamba baadhi ya mihimili ya chini imeanza kupinda. Mmoja ulipimwa ukakutwa umepinda zaidi ya inchi 2, wakati siku chache nyuma haukufika inchi 1. Kukazuka ubishi. Wengine walisema umetoka kiwandani ukiwa hivyo. Mjumbe alisafiri hadi New York kumwona mhandisi mshauri, Theodore Cooper, naye akapeleka simu kwamba mzigo usiongezwe tena. Agizo hilo halikuwafikia waliokuwa kazini kwa wakati. Jioni ya tarehe 29 Agosti daraja lilianguka, wakafa wafanyakazi 75.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Pale Quebec mawingu yalionekana, yakapimwa kwa rula, yakaandikwa. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka ya kusema papo hapo, "Shukeni, kazi isimame."

Mfano wa pili ni wa Marekani. Daraja la Tacoma Narrows lilifunguliwa tarehe 1 Julai 1940. Lilikuwa jembamba na lenye kunepa sana, na mihimili ya kando yake ilikuwa na kina cha futi 8 tu kwa daraja lenye nafasi ya kati ya futi 2,800. Watu waliliona likipanda na kushuka kwa upepo, hata wakalifanya mchezo wa kwenda kutazama. Tarehe 7 Novemba mwaka huo huo ulivuma upepo wa kama kilomita 64 kwa saa, ambao si tufani. Daraja likaanza kujisokota huku na huku, na kila lilivyojisokota ndivyo lilivyozidi kuchota nguvu katika upepo ule ule, mpaka likakatika na kutumbukia majini. Jipya lililofunguliwa mwaka 1950 lilipewa mihimili ya kimia yenye kina cha futi 33, inayopitisha upepo na kukataa kusokoteka.

Na tusidhani ndege iko nje ya sheria hii. Bawa la ndege ni boriti iliyoshikwa upande mmoja, kama rula iliyobanwa ukingoni mwa meza. Tarehe 29 Septemba 1959 ndege aina ya Lockheed Electra ilivunjika bawa angani huko Texas, wakafa watu wote 34. Tarehe 17 Machi 1960 nyingine ya aina hiyo ilivunjika bawa huko Indiana, wakafa watu wote 63. Uchunguzi ulionyesha kwamba vishikizo vya injini vikilegea, injini na panga boi lake huweza kuyumba kama pia inayokaribia kuanguka. Kuyumba huko kulianza kwa kasi, kisha kukapungua kasi huku kukikua, hadi kukalingana na mapigo ya bawa lenyewe, kiasi cha mara 3 kwa sekunde. Hapo kila msukumo uliongeza mwingine. Haba na haba hujaza kibaba. Baada ya vishikizo na mabawa kuimarishwa, ndege hizo ziliendelea kuruka kwa miaka mingi.

Najua nitaulizwa: mtoto wa mkulima ana haja gani na daraja la Marekani na bawa la ndege? Jibu langu ni kwamba sheria ni moja. Mwamba wa paa la darasa letu na bawa la ndege vinatii hesabu ile ile, na hesabu hiyo haihitaji maabara. Mtoto abane rula ukingoni mwa meza na kuipiga kwa kidole. Akifupisha sehemu inayoning'inia ikawa nusu, rula hutetema kwa kasi mara 4. Asimamishe ufito mrefu na mfupi wa unene mmoja, aikandamize yote miwili, aone upi unakunjika kwanza. Aweke mbao bapa, kisha kwa ubavu, aning'inize ndoo ya maji katikati, apime inavyonepa na kuandika. Kazi hiyo haigharimu hata senti.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, walimu wa madarasa ya juu wafanye majaribio hayo kila mwaka na watoto waandike vipimo vyao wenyewe. Pili, kila jengo la kijiji liwe na daftari. Mara moja kwa mwezi kamba ivutwe kutoka mwisho mmoja wa boriti hadi mwingine, ipimwe nafasi kati ya kamba na mti hapo katikati, na kipimo kiandikwe pamoja na tarehe. Nafasi ikizidi kukua, mti unasema. Tatu, kamati ya ujenzi ikubali mapema kwamba mtu yeyote, awe fundi, mwalimu au mzee wa kijiji, akiona boriti inazidi kunepa ana haki ya kuwatoa watoto darasani kwanza, na mabishano yafuate baadaye.

Wapo watakaosema jambo hili litachelewesha ujenzi na kuwatia watu hofu. Mimi nasema kila boriti hunepa kidogo, na kunepa si kosa. Ndiyo maana tupime, ili tusiogope pasipo sababu wala tusijipe matumaini ya uongo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta unajengeka tena. Mtoto aliyeangukiwa na paa hatuwezi kumjenga upya.

Nawaomba viongozi wa elimu na wa vijiji walifikirie jambo hili kabla majengo mapya hayajaanza kupauliwa.



Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kijijini.