Wastani Usiotosha: Mgawanyo wa Uwezekano Katika Shule ya Msingi

Katika shule zetu za msingi hesabu ya wastani hufundishwa kwa bidii, nayo hueleweka upesi. Mtoto huambiwa ajumlishe, kisha agawanye. Jibu lake likiwa sahihi hutiwa alama ya vema, na somo huishia hapo. Hoja ya makala haya ni kwamba somo hilo likiishia hapo huwa limekatwa katikati, na kwamba nusu iliyoachwa ndiyo yenye manufaa zaidi kwa mtoto ambaye kesho atauza, atalima, au atatunza fedha za wenzake. Nusu hiyo ni mgawanyo, yaani habari ya matokeo yote yanayowezekana, pamoja na kadiri kila tokeo linavyojitokeza mara nyingi au mara chache.

Aghalabu jina la mgawanyo wa uwezekano husikika kwa mara ya kwanza katika vyuo vya biashara. Huko mwanafunzi hupokewa na kanuni ndefu zenye herufi za Kigiriki, naye huzikariri bila kuona zinaeleza kitu gani. Si ajabu. Mtu ambaye tangu utotoni amezoea kuamini kwamba kila rundo la namba hutoshelezwa na namba moja, ataonaje haja ya kuambiwa habari za namba nyingine? Mzizi wa tatizo hilo hauko chuoni. Uko katika darasa la shule ya msingi, na dawa yake imo mikononi mwa mwalimu wa shule ya msingi.

Mfano wa maandazi

Tuchukue mfano wa duka la shule linalouza maandazi. Kila andazi hugharimu shilingi 150 kulitengeneza, nalo huuzwa shilingi 200. Andazi likilala haliuziki tena. Kwa siku 20 za masomo wanafunzi wameandika idadi ya maandazi yaliyotakiwa na wanunuzi kila siku, na daftari lao linaonyesha hivi:

Siku 2 yalitakiwa maandazi 30.
Siku 5 yalitakiwa maandazi 40.
Siku 6 yalitakiwa maandazi 50.
Siku 5 yalitakiwa maandazi 60.
Siku 2 yalitakiwa maandazi 70.

Jumla ni maandazi 1,000. Wastani ni 50 kwa siku. Mwalimu aliyekomea kwenye wastani atasema: basi tupike 50 kila siku. Atapiga hesabu kwamba kila andazi lina faida ya shilingi 50, kwa hiyo siku moja italeta shilingi 2,500, na siku 20 zitaleta shilingi 50,000.

Sasa tuzihesabu siku zenyewe. Siku zile 2 yalipotakiwa 30, yatalala maandazi 20 kila siku. Siku zile 5 yalipotakiwa 40, yatalala 10 kila siku. Jumla yatalala 90. Kwa upande mwingine, siku 5 zitakosa maandazi 10 kila moja, na siku 2 zitakosa 20 kila moja. Jumla yatakosekana 90. Yalitakiwa 1,000, yakapikwa 1,000, na hata hivyo maandazi 90 yametupwa na maombi 90 hayakutimizwa. Wastani unasema hesabu imelingana. Sanduku la fedha linasema haikulingana. Yaliyouzwa ni 910, ambayo ni shilingi 182,000. Gharama ni shilingi 150,000. Faida ni shilingi 32,000 tu. Zimepungua shilingi 18,000 katika zile zilizotarajiwa.

Hapa, ndugu mwalimu mtarajiwa, ndipo jambo linapokuwa zito. Zikipungua shilingi 18,000 katika duka la shule, nani ataulizwa kwanza? Ataulizwa mtoto aliyekabidhiwa sanduku. Mwalimu msimamizi mwenye kuamini kwamba wastani ni ahadi atamtazama mtoto huyo kwa jicho la shaka, pengine amwite mwizi mbele ya wenzake, na mtoto hana neno la kujitetea, kwa kuwa hesabu aliyofundishwa inamshitaki. Fedha hizo hazikuibwa na mtu, hazikupata kuwapo. Ziliondoka kwa sababu wanunuzi hawaji kwa wastani. Huja wachache leo na wengi kesho.

Tuendelee kidogo. Wakipika 40 kila siku, watauza 780 kwa siku 20. Mapato ni shilingi 156,000, gharama shilingi 120,000, na faida shilingi 36,000. Yaani kupika pungufu ya wastani kumezidisha faida. Wakipika 30, faida ni shilingi 30,000. Wakipika 60, inashuka hadi shilingi 16,000. Wakipika 70 ili asikose mtu, watapata hasara ya shilingi 10,000. Uamuzi ulio bora haukuonekana katika wastani. Umeonekana tulipolinganisha mgawanyo wote na gharama ya andazi lililolala. Duka jingine ambalo kila siku, bila kukosa, hutakiwa maandazi 50, lingekuwa na wastani ule ule, nalo lingepata shilingi 50,000 kamili. Wastani mmoja, maduka mawili, hali mbalimbali.

Kosa lililowapata hata mabingwa

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni mepesi mno, kila mtu huyajua. La hasha. Elimu ya uwezekano huhesabiwa kuanza na barua walizoandikiana Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, mwaka 1654. Miaka 100 baadaye, mwaka 1754, bingwa mwingine wa hisabati wa Ufaransa, Jean d'Alembert, aliandika katika ensaiklopidia mashuhuri ya nchi yake juu ya mtu anayerusha sarafu mara mbili akitaka kupata kichwa walau mara moja. Alisema kichwa kikitokea mara ya kwanza mchezo umekwisha. Kwa hiyo matokeo ni matatu tu, na mawili kati yake ni ya ushindi. Jibu lake likawa 2/3. Jibu la haki ni 3/4, kwa sababu matokeo yale matatu hayana uzito sawa: kichwa kwa mara ya kwanza peke yake hubeba nusu ya uwezekano wote.

Mtoto wa darasa la tano akiulizwa hufuata njia iyo hiyo. Atasema sarafu mbili zina matokeo matatu: vichwa viwili, kichwa kimoja, au hakuna kichwa, basi kila moja ni theluthi. Mwalimu asimcheke. Kosa hilo lilimpata mtu wa elimu kubwa, na chanzo chake ni kimoja: kuhesabu aina za matokeo bila kupima uzito wa kila aina. Kupima uzito huo ndiko kuujua mgawanyo.

Namna ya kufundisha

Ili mafundisho haya yasibaki maneno matupu, napendekeza hatua tatu. Hakuna hata moja inayodai vifaa vya kununua.

Kwanza, watoto wajenge mgawanyo kwa mikono yao. Kwa mwezi mmoja waandike kila siku idadi ya wanafunzi waliokosa kuhudhuria darasani. Kisha wachore mstari sakafuni, waandike namba kwa mpangilio, na kwa kila siku waweke kizibo kimoja cha soda juu ya namba yake. Vizibo vitapanda vichuguu, na umbo litaonekana kwa macho kabla ya kutajwa kwa jina. Mwalimu aulize maswali matatu: Ni namba gani iliyotokea mara nyingi zaidi? Ni ipi ndogo kabisa na ipi kubwa kabisa? Kati ya siku zote, ni siku ngapi zilizofikia au kupita kiasi fulani? Swali la tatu ndilo uwezekano wenyewe. Katika mfano wa maandazi, siku zilizofikia 60 au zaidi ni 7 kati ya 20. Wastani uulizwe baada ya hayo, si kabla.

Pili, watoto watabiri, kisha wajaribu. Dadu zingefaa, lakini katika jamii nyingi dadu ni alama ya kamari, na mwalimu hana sababu ya kugombana na wazazi. Achukue makopo mawili, kila moja litiwe karatasi sita zenye namba 1 hadi 6. Mtoto achote karatasi moja katika kila kopo, ajumlishe, aandike, azirudishe. Kabla ya kuanza, darasa liulizwe ni jumla ipi itakayotokea mara nyingi. Darasa la watoto 45 likigawanywa vikundi 9, na kila kikundi kikichota mara 40, itapatikana michoto 360. Kwa kuwa kuna njia 36 za kupata jumla, na 6 kati yake huleta 7, tutarajie 7 ijitokeze karibu mara 60, na 2 au 12 karibu mara 10 kila moja. Hazitalingana barabara, na mwalimu asizilazimishe kulingana. Rundo la kikundi kimoja litakuwa limepindapinda. Marundo yote yakiunganishwa umbo litanyooka. Jambo hilo lilithibitishwa na Jakob Bernoulli wa Uswisi katika kitabu kilichotolewa mwaka 1713, miaka minane baada ya kifo chake. Watoto wetu wanaweza kuliona kwa macho yao katika kipindi kimoja.

Tatu, waamue na waone matunda ya uamuzi wao. Kopo litiwe karatasi 20 za maandazi: 2 zenye namba 30, 5 zenye 40, 6 zenye 50, 5 zenye 60, na 2 zenye 70. Kila kikundi kiamue kitapika mangapi kila siku, kisha karatasi moja moja ichotwe kama siku moja, bila kurudishwa, ili mwisho hesabu zilingane na daftari letu. Kila kikundi kitunze mapato, gharama na faida. Kikundi kilichopika 70 kwa ukarimu kitajifunza jambo ambalo mahubiri ya saa nzima yasingelifundisha.

Pingamizi mbili

Pingamizi ya kwanza ni kwamba muhtasari wa masomo umejaa, na mtihani huuliza wastani. Ni kweli kwamba mwalimu hana muda wa kuchezea. Lakini hatua hizi hazina hesabu ngeni: ni kujumlisha, kuzidisha, kutoa na sehemu, mambo ambayo mtoto hana budi kuyafanyia mazoezi hata hivyo. Badala ya kumpa hesabu ishirini zisizo na maana, mpe hesabu ishirini za duka moja.

Pingamizi ya pili ni kwamba kufundisha uwezekano ni kuwafunza watoto kamari. Mimi naona kinyume chake. Tazama bahati nasibu ya tiketi 100, kila tiketi shilingi 100, na zawadi moja ya shilingi 5,000. Wastani wa zawadi kwa kila tiketi ni shilingi 50, nusu ya bei yake. Lakini hata wastani huo unaficha jambo: hakuna hata mtu mmoja atakayepokea shilingi 50. Mmoja atapata 5,000, na 99 watarudi mikono mitupu. Leo kamari imeingia katika simu za mkononi. Sauti ya mshindi mmoja husikika kila mahali, na wale 99 hawatangazwi. Mtoto aliyezoea kuuliza, "Na wengine wote walipata nini?" ana kinga. Asiyezoea hana.

Kwa miaka mingi, tangu sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, tumeambiwa kwamba hesabu za shule zitoke katika kazi za shule. Duka na bustani za shule zisiwe mahali pa jasho tu. Ziwe pia mahali pa kufikiri. Mwanafunzi aliyerusha sarafu tatu akaona kwamba kati ya njia 8 kuna 1 isiyo na kichwa, 3 zenye kichwa kimoja, 3 zenye viwili, na 1 yenye vitatu, siku atakapofika chuo cha biashara na kuonyeshwa kanuni ya mgawanyo wa bainomia, ataitambua kuwa ni kichuguu cha vizibo alichokijenga zamani sakafuni. Na yule asiyefika chuo, ambao ndio wengi, atakuwa na elimu ya kutosha kuendesha genge lake bila kudanganywa na namba moja.

Basi, ndugu mwalimu mtarajiwa, utakapotumwa kufanya mazoezi ya kufundisha, na ukaandika ubaoni neno "wastani", usifute ubao kabla ya kuwauliza watoto siku zenyewe zilikuwaje, moja moja.