Nionyesheni mkulima, si barafu

Filamu yenye dubu mweupe aliyesimama juu ya kipande cha barafu siionyeshi kwenye banda langu. Sina ugomvi na dubu. Nina banda la video hapa Maisaka, Babati mjini, kibanda umiza kama wateja wenyewe wanavyoliita, na miaka yote niliyokaa mlangoni kupokea kiingilio imenifundisha tabia ya watu wa mabenchi yale. Hawamfuatilii mtu ambaye hana la kuamua. Jambazi aliyezingirwa na polisi watamtazama saa mbili bila kwenda kukojoa, kwa sababu lazima achague: ajisalimishe, akimbie, au amsaliti mwenzake. Dubu yule hachagui kitu. Anaelea tu, na sauti nzito ya Kizungu inatuambia tuhuzunike.

Nina mpwa wangu anasoma chuo. Kila likizo anarudi na jambo jipya, na safari hii alikuja na hili: "Mjomba, watu wa hapa waonyeshwe filamu za mabadiliko ya tabianchi." Nikamwambia watu wa hapa wanalima. Mtu aliyepanda mahindi na mbaazi kwa mvua ya kwanza ya vuli, mvua ikakata, miche ikakauka, akarudi duka la pembejeo kununua mbegu kwa mara ya pili msimu uleule, umwambie nini kuhusu hali ya hewa ambacho mfuko wake haujamwambia? Nikamtaka aniletee filamu yenye kitu ambacho mtu huyo hana.

Akaniletea mbili kwenye flashi.

Ya kwanza ni An Inconvenient Truth, ile ya mwaka 2006 ambayo Davis Guggenheim aliitengeneza kutokana na mihadhara ya Al Gore, makamu wa rais wa zamani wa Marekani. Ilipata tuzo ya Oscar, na mwaka 2007 Gore akapewa Nobel ya Amani pamoja na jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa. Mtanzania anaingia kwenye filamu hiyo kupitia Kilimanjaro. Gore anaonyesha picha ya zamani ya kilele kikiwa cheupe, kisha ya karibuni kikiwa kimebaki na vipande vipande, na anasema haitapita miaka kumi theluji ile itakuwa imekwisha. Miaka kumi imepita zamani. Nenda Moshi asubuhi isiyo na mawingu utaikuta bado ipo, ingawa ni ya kuhesabika.

Mwaka huohuo wa 2007, Mahakama Kuu ya Uingereza ilisikiliza kesi ya mzazi aliyepinga filamu hiyo kupelekwa shuleni. Jaji Burton aliruhusu ionyeshwe, ila walimu wawe na mwongozo wa kuwaambia wanafunzi mambo tisa ambayo filamu ilikuwa imeyavutia upande wake. Mlima wetu ulikuwa mmojawapo. Wapo wataalamu waliochunguza barafu ya Kilimanjaro na kuona kwamba ilianza kupungua tangu mwishoni mwa karne ya 19, pale hewa ya ukanda huu ilipokuwa kavu na theluji mpya ikawa haba, huku jua likiila barafu hata palipo na baridi kali. Mwaka 1912 barafu ilifunika kilomita za mraba kama 12. Kufikia 2011 zilikuwa hazifiki 2. UNESCO mwaka 2022 ilisema huenda yote ikawa imetoweka ifikapo 2050.

Wako wanaosikia habari ya jaji wakaitupa filamu nzima, na tabianchi yenyewe pamoja nayo. Hilo sikubaliani nalo, na jaji mwenyewe hakusema hivyo. Alikiri kwamba hoja kuu za filamu zina utafiti mwingi nyuma yake: dunia inapata joto, na binadamu ndiye anayelipandisha. Ninachoilaumu mimi ni kwamba ilikuja hadi Kilimanjaro ikapiga picha kilele na kuondoka. Mtu wa Machame mwenye zamu ya maji ya mfongo, yaani mfereji, mwenye kahawa anayojiuliza aing'oe au aiache, hayumo. Mlima umepata nafasi, wenye mlima hawakupata.

Ya pili tuliitazama nyumbani, kwenye kompyuta ya mpwa, mimi na mke wangu na majirani wawili waliokuja kuomba moto wakakaa. Inaitwa Thank You for the Rain, yaani ahsante kwa mvua, na ilitoka mwaka 2017. Aliyeiongoza ni Mnorwe, Julia Dahr, lakini sehemu kubwa ya picha amezipiga mkulima mwenyewe, Kisilu Musya wa Mutomo, kaunti ya Kitui nchini Kenya. Alipewa kamera akawa anarekodi familia yake, shamba lake na mbingu yake kwa muda wa miaka mitano. Kitui ni ukame, kisha mvua ikija inakuja kwa hasira. Dhoruba inang'oa paa la nyumba yake mbele ya macho yako. Anaanza kuzunguka kwa majirani kuwashawishi wapande miti na wajiunge kwenye kikundi. Wengine wanamsikiliza, wengine wana shughuli zao. Desemba 2015 anajikuta Paris, kwenye mkutano mkubwa wa tabianchi wa COP21, katikati ya watu wenye suti na vitambulisho shingoni.

Mke wangu, ambaye filamu nyingi humkuta amelala kabla hazijafika nusu, alikaa hadi mwisho. Ilipokwisha hakusema neno juu ya tabianchi. Alisema, "Huyu baba anasafiri sana." Jirani mmoja akamtetea Kisilu: asingesafiri nani angemsikia? Mke wangu akauliza na palizi ilifanywa na nani. Maana filamu haifichi kwamba wakati mwanamume anahangaikia dunia, mzigo wa shamba na watoto unamwangukia mwanamke aliyebaki. Mabishano yale yalichukua muda mrefu kuliko filamu. Hapo ndipo nilipojua kwamba hii inafaa kuangaliwa. Hakuna aliyefundishwa kwamba mvua imebadilika, hilo lilikuwa linajulikana. Kila mtu alikuwa akipima uamuzi wa mwenzake: kupanda mti leo utakaokupa kivuli baada ya miaka, au kwenda mjini kutafuta kibarua cha kulipa ada mwezi huu.

Sasa niseme la nyumbani kwetu, kwa sababu Manyara tuna filamu ambayo haijatengenezwa.

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, alfajiri, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang na kuingia Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Walikufa watu zaidi ya 80. Kutoka hapa Babati ni zaidi ya kilomita 70 kwa barabara ya Singida, na wiki ile karibu kila mtu Maisaka alikuwa na ndugu wa kumpigia simu. Siku hiyo Rais Samia alikuwa Dubai, kwenye COP28, mkutano uleule wa tabianchi unaozunguka dunia, na alikatisha safari akarudi. Mtunzi wa filamu angepewa sadfa hiyo angeifanya ufunguzi: huku hotuba za joto la dunia, kule mlima unashuka. Nami nafsini mwangu nahofia filamu itakayoanza hivyo.

Nahofia kwa sababu itakuwa imemaliza kila kitu kabla ya kuuliza chochote. Wataalamu wa serikali walieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji hadi ikameguka. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza mapema, tangu Agosti, kwamba vuli ya mwaka ule ingekuwa ya El Niño. El Niño ilikuwepo kabla ya viwanda, ingawa bahari yenye joto zaidi inaweza kuipa mvua nguvu ya ziada. Basi kuna mvua, kuna mwamba, na kuna sisi: tumejenga wapi, nani alituambia tusijenge, tangazo la Agosti lilimfikia nani kwa namna ambayo angeweza kulifanyia kazi usiku wa Desemba. Filamu ikisema "tabianchi" ikanyamaza, maswali hayo matatu ya mwisho yanapata pa kujificha. Nimeshayaona yakijificha. Mtaro ulioziba ulitapika maji kwenye vyumba vya watu mtaani, tukaenda ofisi moja kulalamika, na jibu tulilopewa na kijana aliyevaa vizuri ni kwamba haya ni mabadiliko ya tabianchi. Mtaro ulikuwa umejaa mifuko ya saruji.

Tena si kila hasara ya mkulima inatoka mawinguni. Waliolima mbaazi Babati mwaka 2017 wanakumbuka. Mvua haikuwa na neno, mbaazi ilizaa, lakini Agosti ile India, mnunuzi wetu mkubwa, iliweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini kwake, na bei hapa ikaanguka hadi wengine wakaona gharama ya kuvuna ni hasara juu ya hasara. Filamu itakayomwonyesha mkulima wa Babati akitazama juu tu itakuwa imemkata shingo upande mmoja. Anatazama juu, halafu anatazama simu kuangalia bei.

Wala hatuna uhaba wa watu walioamua jambo. Msitu wa Duru-Haitemba, humuhumu Babati, serikali ilitaka kuuchukua uwe hifadhi yake, na katikati ya miaka ya 1990 vijiji vinavyouzunguka vikakubaliwa kuusimamia vyenyewe, kila kijiji na sehemu yake, sheria zake ndogo na walinzi wake. Wageni wa nchi nyingi walikuja kujifunza. Wazee wa mjini, nao, watakuhadithia Ziwa Babati lilivyofurika mwaka 1990 na kuingia mjini, na watakwambia pia milima ya kando ilikuwa imefyekwa kiasi gani wakati ule. Ninyi watunzi wa filamu, mkae na hao, muwape kamera kama Kisilu alivyopewa, mrudi baada ya misimu kadhaa. Waliokaa Katesh wapewe pia, kama wenyewe watataka. Wapo ambao hawatataka, na waachwe.

Kwa hiyo jibu langu kwa mpwa ni kwamba ile ya Kisilu nitaiweka kwenye banda, haki za wenyewe zikishaombwa, maana Bodi ya Filamu nayo inasoma magazeti. Siku isiyo na mechi. Kiingilio bure, wanunue karanga.

Kilichobaki kati yetu ni ugomvi wa tafsiri. Yeye anataka maandishi yapite chini ya picha, anasema ndivyo filamu za kweli zinavyoheshimiwa. Mimi nataka mtu wa kutafsiri kwa sauti, kama tulivyozoea tangu enzi za mtafsiri Lufufu na kanda zake, mtu anayeweza kubonyeza kitufe filamu isimame, mama wa benchi la nyuma akauliza kwa nini Kisilu hakupanda mtama, wenzake wakamjibu, kisha tuendelee. Itachukua saa tatu badala ya moja na nusu. Asipokubali, basi filamu yake akaionyeshe Arusha hotelini, kwenye semina, wakati wa chai na sambusa.