Mbio ziwafae walimu kweli

Naunga mkono mbio za shule za kuchangia mafunzo ya walimu, ila tukubaliane kwanza fedha ziende wapi. Hapa Tanzania tuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini. Mwalimu hujifunza na wenzake shuleni, kisha hukutana na wa shule jirani kwenye klasta, na moduli za Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) zipo mtandaoni. Hakuna haja ya kukodi ukumbi wa hoteli. Kinachokwamisha ni nauli ya kufika kituo cha walimu, bando, karatasi za kuchapisha moduli na chai ya saa nne. Tangu mtaala mpya uanze kutumika 2024, walimu wana mengi ya kujifunza upya, na gharama hizo mbio za kata moja zinaweza kuzimudu.

Nina maangalizo mawili. Kwanza, elimu bila malipo ilianza 2016, kwa hiyo asije mtoto akazuiwa kukimbia kwa kukosa kiingilio. Watoto wakimbie bure. Wanaochangia, tena kwa hiari, wawe wahitimu wa shule, wazazi wenye uwezo na wafanyabiashara wa mtaani. Pili, fulana za washiriki humeza mapato. Namba ya karatasi kifuani inatosha.

Kamati za shule, bandikeni mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo, na waulizeni walimu wanahitaji mafunzo gani kabla ya kupanga tarehe ya mbio.