Kukata si Kufufua

Kufufua gari la zamani ni kazi moja, na kulikatakata ni kazi nyingine kabisa. Ajabu ni kwamba siku hizi kazi hizi mbili zimepewa jina moja. Mtu ananunua gari la spoti lililoingia nchini kabla yeye hajazaliwa, analipeleka gereji, linachanwa kwa grenda ili lipokee injini ya gari jingine, linabandikwa madigadi ya plastiki yaliyotanuka, linapakwa rangi ya kung'aa, kisha linapigwa picha na watu wanaambiwa kwamba limefufuliwa. Napinga. Kilichofufuka hapo ni rangi tu. Gari lenyewe limeuawa, tena na watu wanaodai kulipenda.

Mfano wangu ni Datsun 240Z, kwa sababu ndilo gari ninalolijua kwa mikono yangu. Marehemu kaka yangu aliacha moja la mwaka 1972, na mimi na mwanawe tumelishughulikia kwa miaka minne sasa. Nissan ililitoa gari hili huko Japani mwishoni mwa mwaka 1969. Lina milango miwili na viti viwili, injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa cc 2,393, kabureta mbili, na nguvu za farasi zipatazo 150. Uzito wake hauzidi sana tani moja. Huko Marekani liliuzwa mwanzoni kwa dola 3,526, likawatoa jasho watengenezaji wa Ulaya waliokuwa wakiuza magari ya namna hiyo kwa bei ya juu zaidi.

Sisi wa Afrika Mashariki, hata hivyo, hatukulijua gari hili kwa bei. Tulilijua kwa vumbi. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yalikuwa kwa miaka mingi yakipita Kenya, Uganda na Tanzania, na barabara zake zilikuwa hizi hizi zetu za matope na mawe. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda wakiwa na 240Z, na nafasi ya pili ikachukuliwa na 240Z nyingine, ya Shekhar Mehta na Mike Doughty. Mwaka 1973 ilikuwa zamu ya Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyeshinda pamoja na Lofty Drews, tena kwa 240Z. Gari la ushindi wa 1971 Nissan wanalitunza mpaka leo katika hazina yao ya magari ya kale huko Zama, Japani. Wenzetu wanalitunza. Sisi, ambao barabara zetu ndizo zilizolipatia sifa, tunalichana.

Na tujue kwamba hayataongezeka. Kenya imeweka ukomo wa miaka minane kwa magari yaliyotumika yanayoingizwa nchini, na hapa Tanzania gari kuukuu linatozwa ushuru wa ziada kwa sababu ya umri wake. 240Z haiagizwi kama mtu anavyoagiza Vitz. Yaliyopo ndiyo hayo, na ukiharibu moja limepungua moja.

Kabla sijafika kwa wakataji, niwaseme kwanza wapakaji, maana hao ndio ndugu zao wakubwa. Gari hili halina chasi ya peke yake kama lori au Land Rover. Bodi yenyewe ndiyo chasi. Sakafu, vizingiti vya chini ya milango, na mihimili miwili inayopita chini ya sakafu ndivyo vinavyobeba injini, magurudumu na abiria. Kutu ikiingia hapo haili urembo, inakula mifupa. Na njia zake zinajulikana. Huanzia chini ya betri, ambako tindikali hudondoka na kuteremka kwenye mhimili. Hushika sakafu, vizingiti, ncha za chini za madigadi ya mbele, na kingo za mlango wa nyuma.

Kaka alipokuwa hai alilipeleka gari lake kwenye gereji moja ya mjini iliyosifiwa sana. Lilirudi linang'aa kama sahani mpya. Masika mawili baadaye rangi ya kizingiti cha kushoto ilivimba. Tulipoichokoa kwa bisibisi hatukukuta bati. Tulikuta filla unene wa kidole, chini ya filla gazeti lililokunjwa, na chini ya gazeti kutu tupu. Marehemu alikuwa amelipa bei ya bati akauziwa gazeti. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema. Lakini ufa ukizibwa kwa gazeti, utajenga nyumba nzima. Na mtu akigongwa ubavuni katika gari la namna hiyo, hakuna kitu kati yake na gari linalomjia isipokuwa habari za mwaka juzi.

Njia ya haki haina siri. Kutu hukatwa mpaka ufikie bati zima. Hapo kukata ni halali, kama daktari akatavyo nyama iliyooza. Kabla ya kugusa kizingiti, uwazi wa mlango hukazwa kwa vyuma ili bodi isilegee, la sivyo mlango hautafunga tena maisha. Bati jipya la unene uleule huchomelewa, na dawa ya kuzuia kutu hutiwa ndani ya mwanya, si nje tu panapoonekana. Filla huja mwisho, nyembamba kama ganda la yai. Kazi hiyo ni ya polepole, na haipigwi picha kwa sababu ikiisha haionekani. Ndiyo maana wengi hawaipendi.

Sasa nije kwenye kubadili. Nisieleweke kwamba nataka kila gari libaki kama lilivyotoka kiwandani, lifungiwe bandani na kufunikwa shuka. La hasha! Gari lisilotembea ni kabati. Nina kanuni moja tu, nayo ni fupi: badili kile ambacho kesho mtu mwingine anaweza kukirudisha kwa spana.

Chukua taa. Katika 240Z umeme wote wa taa kubwa hupita ndani ya swichi ya dereva, na baada ya miaka hamsini swichi hiyo hupata moto hata plastiki ikayeyuka. Ukiongeza relei mbili, yaani zile swichi ndogo za sumaku, umeme mkubwa unapita huko, taa zinawaka vizuri zaidi na swichi inapona. Siku ukichoka nazo unachomoa nyaya. Chukua breki. Kalipa za mbele za Toyota Hilux 4x4 za mwanzoni mwa miaka ya 1980 hufunga kwenye 240Z karibu bila kazi. Kinachopunguzwa ni kibati cha kukinga vumbi tu, nacho hufunguliwa kwa boliti. Pedi za Hilux hazimsumbui mtu kuzitafuta katika nchi hii. Zile kalipa za asili tumezipaka grisi, tukazifunga, tukaandika juu ya boksi ni za nini.

Hata mwenye kiu ya nguvu hakunyimwa maji. Ipo injini ya L28, ujazo wa cc 2,753, ndugu wa damu wa ile ya kwanza, ambayo ilifungwa hata kwenye Nissan Patrol za petroli za miaka ya 1980. Ukiitoa kwenye Patrol unalibadilisha bakuli la oili na vitu vichache vinavyoandamana nalo, kisha inakaa palepale ilipokaa mwenzake. Hakuna kilichokatwa. Injini ya asili inawekwa pembeni, inamngoja atakayeitaka.

Lakini vijana wenzake na mwanetu hawataki hilo. Wanamtia maneno afunge 1JZ, ile injini ya Toyota yenye turbo. "Baba mdogo," aliniambia siku moja, "1JZ inatoa farasi 280. Hii yetu mpaka ipande mlima tumezeeka." Nilimuuliza maswali matatu. Ili injini hiyo na gia boksi yake viingie, nani atakayekata handaki la katikati ya sakafu, na nani atakayelirudisha? Bodi iliyokadiriwa kwa farasi 150, mifupa yake ina miaka hamsini na kitu, nani ameipima kwa karibu mara mbili ya hizo? Na difu, breki na springi, navyo vitabaki au vitakatwa? Alinyamaza, maana alijua jibu. Ukianza kukata kimoja utakata vyote, na mwisho wa yote utakuwa na Toyota iliyovaa kanzu ya Datsun.

Wakataji wana hoja zao, na si haki kuzipita kimya.

Hoja ya kwanza ni kwamba gari ni mali ya mtu, na mtu hufanya atakavyo na mali yake. Kisheria ni kweli, wala sitamwita polisi. Lakini mti wa mwembe uliopandwa na babu nao ni mali yako, na ukiukata kwa ajili ya mkaa wa wiki mbili hutafungwa. Kijiji kitakusema tu, na kitakuwa kimesema kweli.

Hoja ya pili ni kwamba hata magari ya Safari yalibadilishwa. Naam, yaliongezwa taa, yakavishwa ngao chini ya injini, yakaimarishwa. Kila badiliko lilikuwa jibu la swali ambalo barabara iliuliza. Niambieni, madigadi ya plastiki yaliyoshushwa mpaka kugusa lami yanajibu swali gani katika nchi yenye matuta haya?

Hoja ya tatu ni kwamba injini ya zamani haiwezi tena. Anayeamini hivyo aende Kenya atazame Safari Classic, mashindano ya magari ya kale yaliyoanza mwaka 2003, aone 240Z na 260Z zinavyokula njia ambazo gari lake lililokatwa lisingemaliza kilomita kumi. Nissan wenyewe huko Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1990, walinunua 240Z chakavu, wakazifufua, wakaziuza upya kwa takriban dola 25,000 moja. Hawakuzitia injini ya kabila jingine. Na kwa wale wasiosikia lugha isiyo ya fedha, mwaka 2020 gari moja la 1971 liliuzwa mnadani Marekani kwa dola 310,000. Lilikuwa lile ambalo hakuna aliyeligusa kwa grenda.

Nimefundisha walimu kwa miaka mingi, na somo gumu kuliko yote lilikuwa kusahihisha. Mwalimu mbaya huichukua insha ya mtoto, akaifuta, akaandika ya kwake, kisha akajipa alama 90. Mwalimu mzuri hutia alama penye kosa, akaacha sentensi ya mtoto ibaki ya mtoto. Anayefufua gari ni msahihishaji. Ukikuta mbuni wa Kijapani alikosea swichi ya taa, msahihishe. Usimfute.

Kinachonikera zaidi si bati. Katika gereji tunayokwenda yuko fundi mzee anayesawazisha kabureta mbili kwa kipande cha mpira. Upande mmoja wa mpira anauweka sikioni, upande wa pili kwenye mdomo wa kabureta, anasikiliza mvumo wa hewa, anazungusha skrubu robo, anahamia ya pili, mpaka zote mbili ziimbe sauti moja. Mwanetu amejifunza kwake mambo ambayo mimi na chuo changu chote tusingeweza kumfundisha: kusikiliza kabla ya kugusa. Injini ya kompyuta haifundishi hivyo. Ikilalamika unachomeka mashine, inakuandikia namba, unanunua kifaa. Sina ugomvi nayo, ni nzuri mahali pake. Lakini kila gari la kabureta linalokatwa ni darasa linalofungwa, na mzee yule akiondoka hakuna cha kumfanya kijana atake kujua alichokijua.

Kwa hiyo nasema hivi kwa kila mwenye gari la namna hii, liwe Datsun, Alfa Romeo au jingine. Inama kwanza chini yake kabla ya kuchagua rangi. Cha mvunguni hakipatikani kwa kusimama. Weka daftari: tarehe, kilichotolewa, kilichofungwa, bei, jina la fundi, na mahali kilipohifadhiwa kifaa cha zamani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na gari bila daftari hukatwa na mrithi asiyejua alichoachiwa. Mlipe fundi anayeziba kutu kwa bati kuliko unavyomlipa anayeifunika kwa rangi. Ukikosa fedha, mwache mgonjwa apumzike mahali pakavu. Kutu ya mwaka mmoja chini ya paa ni nafuu kuliko jeraha la dakika kumi la mtu mwenye haraka.

Na grenda, baada ya kumaliza kutu, irudisheni kwa fundi wa mageti. Huko ndiko inakohitajika.